Breki ya Kulia

Baba yangu, Khaemba, aliendesha gari moja la mbio kwa zaidi ya miaka ishirini, na gari lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa Endebess: viti viwili, halina paa, la kuwashwa kwa hendeli mpaka mkono ufe ganzi. Pedeli ya mafuta ilikuwa katikati, breki kulia kabisa. Aliyelipanga hivyo simjui, ila mguu wa baba ulizoea.

Mwaka wa hamsini na tatu Mzungu akanunua jipya. Viti viwili vilevile, lakini hili ulibonyeza kitufe tu, likanguruma. Breki ikawa katikati, mafuta kulia. Vijana wa Kitale walilizunguka wakilisifu. Baba alikosa hata hamu ya ugali.

"Ile ya zamani ni kelele tu," alimwambia mama, "lakini miguu yangu inaijua. Hii mpya, bana, ni kama nimeoa upya."

"Si umwambie bwana hujaizoea?" mama akamjibu.

Angesemaje? Alishaambiwa kwamba akishindwa, kazi itapewa Kinyua, dereva wa shamba la jirani, na sisi tutahama nyumba ya shamba.

Safari yake ya kwanza peke yake ilikuwa ya Bungoma, kumpokea bwana stesheni. Karibu na Mabanga, akimaliza kona, akamwona mama mkwe wake, nyanya yangu mzaa mama, anavuka barabara na mzigo wa kuni. Kwetu Babukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, kila mmoja hujificha. Baba akainamisha uso kwa heshima, kama alivyolelewa, na mguu ukaenda kulia kutafuta breki. Gari likaruka mbele.

Heshima gani hiyo, ya kuinamia usukani! Mpaka leo naikasirikia.

Nyanya alikuwa mtaroni, mguu umevunjika, na bado alikuwa amejifunika uso kwa leso ili mkwewe asimwone. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine. Baba akambeba kifuani, akamweka kwenye kile kiti kimoja kilichobaki, bega kwa bega, mpaka hospitali. Baba alilia njia nzima.

"Angalia barabara, mwanangu," nyanya alisema chini ya leso. "Aibu tutaosha baadaye."

Bwana alingoja stesheni mpaka akachoka, na kazi ikaenda kwa Kinyua. Nyumbani wazee walichinja mbuzi kuosha ile aibu, na mwiko ukarudi palepale: wawili hao hawakutazamana tena. Kwa hiyo baba hakuweza kumwomba nyanya msamaha uso kwa uso. Alinituma mimi.

"Dinah, enda uulize nyanya yako kama mguu bado inamuuma."

Nilimkuta nyanya anavuka kizingiti kwa mkongojo, ameuma ncha ya leso, machozi yanamtoka. Akaitoa leso mdomoni.

"Mwambie haiumi," akasema.