Mbele ya Ubao, Iringa

Nilikuwa nimefundisha hisabati sekondari kule Makongolosi miaka tisa kabla ya kwenda Iringa kusoma shahada ya uzamili. Siku ya kukaribishwa tulikuwa wanafunzi sita, mwanamke nikiwa peke yangu. Nilidhani tutaonyeshwa maktaba na kupewa ratiba, lakini mkuu wa idara akaninyooshea chaki.

“Mwalimu, tuthibitishie kwamba namba tasa hazina mwisho.”

Nilijua jambo hilo tangu chuoni. Nikaandika kwamba tuseme zina mwisho, nikazizidisha zote, kisha mkono ukagoma. Jasho lilinitoka na baridi yote ile.

“Nimesahau, Profesa.”

“Umesahau, au huoni?”

“Sioni.”

“Basi usikae. Simama hapo mpaka uone.”

Nilitamani kurudi kwa wanafunzi wangu. Nikasoma upya nilichoandika, polepole, kisha nikaongeza moja. Hapo nikaona: hakuna namba tasa hata moja kati ya zile inayoweza kuigawa namba hiyo mpya bila kubakisha. Nikaandika kwamba basi lazima iwepo namba tasa nyingine nje ya zile, nikamaliza.

Mkuu wa idara hakunisifu. Aliniambia tu nifute ubao, mwenzangu anasubiri zamu.