Mji Aliojenga kwa Mkono wa Kulia

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Mchikichini. Kazi yake ilikuwa kupunguza mitumba: suruali ya mzungu mwenye tumbo aliigeuza ikamkaa kijana wa Ilala utadhani alipimwa yeye. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia mkono wa kulia umelala mapajani. Kila asubuhi mama akawa anamfunga vifungo vya shati, na yeye anaangalia ukutani. Mtu aliyeshona vifungo maisha yake yote, leo anafungwa vifungo! Iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mama wa mazoezi hospitalini alituambia mkono utafutiwe kazi utakayoipenda. Cherehani baba alikataa hata kuitazama. Basi mimi, mjuaji wa nyumba, nikamletea kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini kwetu, nikaiwekea mchezo wa kujenga mji: unachora barabara, unapeleka maji na umeme, watu wanahamia. Sitajisifu kwamba niliona mbali. Nilikuwa natafuta amani tu, maana alikuwa amegeuka pilipili kichaa.

Barabara yake ya kwanza ilikuwa kichekesho. Ilianzia ukingoni mwa mto, ikapanda, ikarudi ilikotoka, ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Si mara moja nilimwambia, "Baba, nikufutie hii niinyooshe?" Jibu lake lilikuwa lilelile: "Iache." Nikadhani ni ubishi wa uzee.

Miaka minne baadaye mji ule ulikuwa na mitaa iliyonyooka kama pindo la suruali, una soko, shule na hospitali, na kando ya mto bonde kubwa ambamo hakujenga kitu. Mchezo ulimkumbusha kila mara kwamba pale pana nafasi. Yeye alicheka tu. "Hawa hawajaiona Jangwani ikijaa maji."

Hatimaye kompyuta ikaanza kuunguruma na kujizima. Nikaamua kufanya kama wafanyavyo watu Kariakoo: unapeleka ya zamani, unaongezea kidogo, unaondoka na nyingine. Kabla ya kwenda nilichomeka flashi, nikaivuta ile alama ya mchezo iliyokuwa kwenye kioo, nikaitia humo. Iliingia mara moja. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na watu umewachukua?"

"Wote, baba."

"Na mto?"

"Baba, nimehamisha kila kitu!"

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, Mtaa wa Msimbazi. Fundi alikuwa dada wa rika langu, Mwarabu wa hapahapa Kariakoo, bisibisi ameichomeka kwenye ushungi juu ya sikio. Aliniuliza kama kuna kitu humo ndani ninachokihitaji. "Hamna," nikasema. "Michezo tu." Nikatoka na laptop yangu mpya kifua mbele.

Jioni nikaweka mchezo upya, nikaufungua. Kioo kikaonyesha ardhi tupu ya kijani, na swali moja: mji mpya uitweje? Nikachomeka flashi, nikabofya ile alama. Haikufungua kitu. Nikabofya tena na tena kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Na mimi ndiye ninayewacheka wenzangu ofisini kwa ujinga wa kompyuta.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mkono wake wa kulia ulitoka kwenye kipanya, ukarudi mapajani, ukajikunja kama siku zile. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitali, kwa sababu yale ya hospitali hayakuwa makosa yangu.

Asubuhi nilimkuta ameshavaa viatu, ananisubiri mlangoni. Nikabeba laptop, tukarudi Kariakoo. Ngazi za lile ghorofa alizipanda moja moja, akakataa kushikwa.

Fundi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa. "Dada, umebeba kibao cha duka. Duka lenyewe umeliacha."

"Kompyuta yetu iko wapi?"

"Imeshauzwa, jana ileile."

Nikashika meza. Baba akatazama chini.

"Ngojeni basi," fundi akasema. "Nimeuza kompyuta. Diski sijauza."

Kumbe ana kawaida yake. Kila kompyuta inayoingia pale huichomoa diski, huibandika kipande cha plasta chenye namba ya simu ya mwenyewe, na haifuti mpaka mwezi upite. Hakuna aliyemwagiza. "Kila mtu ananiambia hamna kitu humo," alisema, "halafu wiki ijayo anarudi analia." Akashusha kopo kubwa la biskuti. Diski zilikuwa zimepangwa ndani, kila moja imeviringishwa kitambaa. Baba, fundi ni fundi, alikipapasa kitambaa kwanza akasema ni pamba safi.

Yetu ilikuwa juu kabisa. Akaiunganisha na laptop yetu, akaingia folda ndani ya folda, akaonyesha kwa kidole. Faili moja. Nilisoma ukubwa wake mara mbili. Lilikuwa dogo kuliko picha moja ya harusi iliyomo kwenye simu yangu.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Miaka minne. Mitaa yote ile, soko, bonde, watu elfu arobaini. Vilihama kabla sijameza mate. Nywele zilinisimama, na mpaka leo nikifikiria zinanisimama.

Mchezo ukafunguka. Mji ukatokea, magari yakaendelea na safari palepale yalipoachia, watu wakaingia sokoni kama vile hakuna aliyewahi kuwapoteza. "Subhanallah," fundi akasema. "Mzee, umejenga wewe?" Baba akaitikia kwa kichwa. Fundi akainama karibu na kioo. "Ila huku mtoni barabara imeharibika. Nikunyooshee?"

"Hapo usipaguse, mwanangu."

Akaunyanyua mkono wa kulia, akaweka kidole pale barabara inapoanzia, ukingoni mwa mto, akaifuata polepole. Kona ya kwanza, alisema, ndiyo siku kidole gumba kilipoamka. Pale iliporudi nyuma ni zile wiki alizokata tamaa, akawa anachora na kuacha. Kona iliyofuata alishika kijiko. Alizijua zote. Na mimi nilitaka kuifuta, nikaomba kwa mdomo wangu mara ngapi sijui, na kila mara akasema iache, wala hakunieleza kwa nini. Nilijisikia mdogo mbele ya ile barabara.

Kidole kikafika mahali inaponyooka.

"Hapa," akasema, "nilifunga vifungo vyote mwenyewe."

Ninaishi naye nyumba moja. Ipo asubuhi alitoka chumbani na shati alilolifunga kwa mkono wake, nikamwamkia, nikapita kwenda kazini. Nilidhani ni mama.