Kijiko cha Mama Nyongeza

Kwa miaka thelathini aliuza maziwa mlangoni pake, na hakuna mteja aliyeondoka bila nyongeza. Ukishapimiwa lita yako, ukishafunika chombo, alikwambia, “Hebu funua,” akadondosha kidogo juu. Bure kabisa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Nyongeza, na jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Mkono wake haukujua kukoma kwenye alama. Nalisema hili mapema, maana mkono huohuo ndio ulioleta balaa.

Sasa mwanamke wa namna hiyo, mwanawe wa pekee anarudi kutoka kwa daktari na kumwambia tumbo lake haliwezi kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Akinywa, linajaa gesi, linasokota, anaharisha. Daktari alisema ugonjwa huo huwapata watu wazima wengi tu, wala hauui. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Kijana akajibu kwamba anasafisha vioo vya maghorofa, akining'inia kwenye kamba. Daktari akaweka kalamu mezani.

“Basi wewe, ugonjwa huu unaweza kukuua,” akasema.

Mama Nyongeza akasonya. “Mtoto niliyemlea kwa maziwa, leo maziwa yamekuwa sumu? Mwambie daktari wako aje aniambie mimi!”

Mke wa kijana, aliyekaa nao nyumba moja, hakusonya. Alijua mumewe anavyopenda vitamu. Kwake mlo usiofungwa na kitamu haujaisha. Basi binti wa watu akaingia jikoni. Alikuna nazi, akakamua tui zito, akapikia wali wa sukari na iliki mpaka ukashikana vizuri. Aliloweka korosho, akazisaga zikawa laini, akamwagia juu ya vipande vya embe. Aligandisha ndizi mbivu, akazisaga, ikatoka aiskrimu ambayo haijawahi kukutana na ng'ombe. Kila siku alifunga kibakuli kimoja, mume akaenda nacho kazini. Siku ya kwanza alirudi, akasema amelamba mpaka kifuniko.

Kile kifuniko ndicho kilichomchoma mama mtu. Tuseme ukweli, ulikuwa wivu. Kanunua kopo la maziwa ya unga, kalificha ndani ya begi la kanga zake. Asubuhi, mkwe akiwa bafuni, alifungua friji, akakoroga unga ule, kijiko kimoja cha chai, ndani ya kibakuli. Kimoja tu. Alijiambia kwamba tumbo limesahau, litakumbushwa polepole, na siku litakapokumbuka ataweka kopo mezani na wote watajua mama ni nani.

Kijiko kimoja hakikumdhuru. Wiki ya pili akaweka viwili, ya tatu vitatu. Nani angemzuia?

Kijana akaanza kurudi amekunja uso, ameshika tumbo. Mkewe akahangaika. Akadhani ni korosho, akaziacha. Akadhani ni tui, akaliacha pia. Mwishowe akawa anapika wali kwa maji na sukari, bila kitu kingine, na bado mume anarudi amepauka. Usoni pake palianza kuingia kitu ambacho Mama Nyongeza alikiona na hakukipenda: kijana alikuwa akimtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

“Leo umeweka nini?” alimuuliza.

“Wali, maji, sukari. Wallahi hakuna kingine.”

“Mbona naumwa?”

Mwenye jibu alikuwa palepale anachambua mchele, kainamisha kichwa. Alijiambia ataacha kesho. Kesho yake mkono ukaongeza.

Siku hiyo kijana alikuwa ghorofa ya tisa. Tumbo lilimsokota ghafla, akajikunja, mguu ukateleza ukutani, akapinduka kichwa chini miguu juu. Ndoo ikaenda mpaka chini ikapasuka. Wenzake walimvuta juu kwa shida, amejichafua, anatetemeka, mikanda imemchana mabega. Msimamizi akamwambia likitokea tena asirudi kazini, kama atakuwa na miguu ya kurudia.

Jioni aliingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Mama akajua yamefika. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo aseme.

Kijana akamwahi. “Mama, yule mwanamke anataka kuniua. Kuanzia kesho nipikie wewe. Sina mwingine wa kumwamini.”

Sentensi moja tu ingetosha kumsafisha mkwe. Badala yake Mama Nyongeza akajisikia akisema, “Sawa, mwanangu.”

Akapika wali wa tui na iliki, vilevile kama alivyomwona mkwe akipika. Kopo alikwenda kulitupa jalala la mbali. Sasa ole wake: kijana akapona! Siku ya kwanza salama, ya pili salama, wiki nzima anapanda kamba na kushuka anapiga mluzi. Na kila siku aliyopona, mkewe alizidi kuwa na hatia. Majirani wakaanza kunong'ona, na kijana akamwambia mkewe arudi kwao. Hata kaka wa binti alipokuja kumchukua, hakuinua macho kwa aibu.

Binti alifunga virago vyake na mbuzi yake ya kukunia nazi. Mlangoni akamshika mama mkwe mikono yote miwili.

“Mama, tumekaa jiko moja. Wewe umeniona nikipika. Mwambie.”

Mama Nyongeza alitazama ile mikono. “Niseme nini mimi, mwanangu,” akajibu.

Gari lilipoondoka, kijana alikuwa mezani anakomba kibakuli. Uso umenawiri, mashavu yamerudi. Alitafuna kijiko cha mwisho taratibu, akamtazama mama yake kwa upendo mpaka yule mama akatamani ardhi ipasuke.

“Umeniokoa, mama,” akasema, akasogeza kibakuli. “Hebu niongeze kidogo.”

Akamwongeza.