Jumamosi za Kutikisa Tairi

Sisi tuliokulia Mkolani miaka ya tisini, pale ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilipokuwa imeshazoeleka na magari yaliyotumika Ujapani yakimiminika mjini, tulikuwa na ibada mbili kwa wiki. Jumapili tulikwenda kanisani. Jumamosi tulikagua miguu ya mbele ya gari la Baba.

Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba hadi alipopunguzwa kazi, na kiinua mgongo chake chote kikageuka gari dogo jeupe lenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Aliyejua kuyasoma ni Mzee Masalu peke yake, balozi wetu wa nyumba kumi. Alisema yameandikwa "Imara kwa safari ndefu", na kwa kuwa hapakuwa na Mjapani Mkolani nzima, hakuna aliyembishia.

Fundi hakuitwa. Baba aliamini fundi akishaitwa lazima akute ugonjwa, hata kama haupo. Kwa hiyo asubuhi, sisi watoto tukiwa bado tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, alikinga tairi za nyuma kwa mawe, maana mawe Mwanza hayajawahi kuadimika, akaweka jeki na kuinua upande mmoja mpaka tairi likaning'inia. Hapo wazee wanne wa jirani, ambao kila Jumamosi walikuwa wamepita kwa bahati tu, walijipanga kwa umri. Kila mmoja alishika tairi juu na chini, akalisukuma, akalivuta, akainamisha kichwa kama daktari, kisha akasema, "Liko vizuri." Ndivyo adabu ilivyotaka. Ukiulizwa habari za nyumbani husemi mkeo amenuna, na ukionyeshwa gari la mwenzio husemi limelegea. Baada ya hapo walinawa kwa sabuni ya mche, wakanywa chai.

Mimi, Kabula, binti wa kwanza, mwenye miaka tisa, kazi yangu ilikuwa breki. Baba alinifundisha mwenyewe: tairi likicheza linapotikiswa, mtu akanyage breki. Likitulia, bering imekwisha. Likiendelea kucheza, shida iko kwenye bolijointi, kile kifundo cha chini kinachoshikilia gurudumu. Nilikaa ukingoni mwa kiti, nikanyoosha mguu, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Wenzangu walikuwa wakicheza rede nje ya uzio, nami niliwaona washamba wasio na kazi.

Jumamosi moja Baba alitangaza safari ya ukweni, Misungwi. Tangu apunguzwe kazi, shemeji zake walikuwa wakimwulizia hali kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa, naye alitaka wamwone akishuka garini na suruali iliyopigwa pasi. Tungekuwa sita ndani. Mzee Masalu alishika tairi la kushoto, nami nikakanyaga breki. Kitu kikagonga, nikakisikia mguuni kabla ya sikioni. Akatikisa tena, kikagonga tena.

"Baba," nikasema, "linagonga, na breki nimekanyaga."

Mzee Masalu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuendesha kitu chenye injini, alinitazama kwa huruma.

"Gari limechoka kusimama hili, Baba Kabula," akasema. "Likishatembea, hiyo sauti itaisha."

"Mtoto hawasahihishi wakubwa," Baba akaniambia. Lakini alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, na mpaka leo naamini naye alikuwa amekisikia. Wazee wanne walikuwa wameshasema liko vizuri, na kuwakatalia kungekuwa kuwavunjia heshima. Nilipanda nyuma na mdogo wangu wa mwisho magotini, nikiwa na hofu ambayo sikuwa na ruhusa ya kuitaja.

Misungwi hatukufika. Njiani, pale Buhongwa, ng'ombe walikuwa wakivuka barabara, Baba akapunguza mwendo, na gari likiwa linatambaa nyuma ya ndama wa mwisho, tukasikia kishindo kimoja na upande wa kushoto ukapiga magoti. Gurudumu lilikuwa limelala nje kama mguu wa kuku. Mdogo wangu hata hakuamka. Mama alitandika khanga pembeni akaanza kugawa viazi vya safari, kana kwamba ndipo tulipokuwa tumekusudia kula.

Kijana aliyekuwa akichunga wale ng'ombe alikuja kuchungulia.

"Shikamoo, mzee. Huu mguu umelika hivi? Hamkuukagua?"

"Marahaba," Baba akajibu. "Tuliukagua. Watu wanne."

Baba alichuchumaa kando ya gurudumu. Kisha akaja nilipokaa, akajifuta vumbi kwenye ile suruali.

"Ulisema," akaniambia, akarudi kwenye gurudumu.

Basi. Kwa mwanaume wa rika lake, ile ilikuwa samahani kamili, na sikuwahi kumsikia akiitoa kwa mtu mwingine yeyote. Jumamosi iliyofuata, kabla ya wazee kufungua midomo, aliniuliza mimi kwanza. Mzee Masalu, kwa upande wake, alikuwa ameshaitangazia Mkolani nzima kwamba yeye alionya mapema.

Siku hizi vijana wanachomeka kidude chini ya usukani, simu inawasomea magonjwa ya gari, na gari likivunjika mguu wanajipiga picha nalo kwanza. Grisi wanaiona kwa mbali. Baba ametangulia, wale wazee pia. Wiki iliyopita nilikuwa nikiendesha na binti yangu, ambaye hata shikamoo ya asubuhi hiyo nilikuwa bado namdai. Akachomoa vidude vyake vya kusikilizia muziki masikioni.

"Mama, gari lako linagonga mbele. Halafu unaendesha vibaya."

Nikamjibu kwamba gari limetoka kwa fundi juzi, na kwamba nilianza kuendesha yeye hajazaliwa. Kisha nikajisikia nikisema kama Baba. Nikaweka gari pembeni, nikazima injini.

"Sema tena, mwanangu," nikamwambia. "Linagonga wapi?"

Alikuwa ameshavirudisha masikioni, anatikisa kichwa kwa muziki wake. Nilimkumbuka Baba mpaka nikashindwa kuwasha gari.