Mteremko wa Upande wa Pili

Zabibu Ramadhani alikuwa akishona mapazia Mayfair, Johannesburg, katika chumba cha chini ya duka ambacho dirisha lake lilikuwa usawa wa barabara. Mchana kutwa aliona viatu vya wapita njia, basi. Mwenye duka alikuwa akifunga geti la chuma kwa nje kwa sababu ya wezi, na fundi akitaka kutoka ilibidi apige kelele mpaka mtu asikie kule juu. "Geti ni kwa usalama wenu," alikuwa akisema, na huenda alisema kweli.

Zabibu alitoka Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao watoto hujifunza Kiswahili kabla ya Kirundi. Aliingia Johannesburg akiwa binti mdogo, na sasa alikuwa amepita miaka thelathini na tano, bado anatembea na karatasi ileile ya kuomba hifadhi. Kila baada ya miezi sita aliipeleka ofisi ya wakimbizi, Pretoria, ikaongezwe muda. Karatasi hiyo ilimruhusu kukaa na kufanya kazi. Lakini mwenye nayo akitoka nje ya nchi bila ruhusa, ombi lake huhesabiwa amelitupa mwenyewe. Kwa hiyo mama yake alipofariki, Zabibu alimzika kwa simu. Alikaa kitandani akisikiliza dua kwenye spika, na watu wa Buyenzi walipoanza kutawanyika kutoka makaburini, laini ikakatika.

Kitu kizuri alichokipata Pretoria kilikuwa marafiki wawili. Katika foleni, mbele yake alisimama Benita, msusi wa Yeoville aliyetoka Bukavu, mwanamke wa kucheka kwa sauti. Nyuma yake alisimama Pacifique, Mrundi mwenzake, fundi magari wa Rosettenville. Ukisimama na watu kwenye foleni ya baridi tangu alfajiri, mara moja, mara mbili, mara kumi, mwisho wanakuwa ndugu zako.

Pacifique alipanga chumba cha uani kwa mzee mmoja Mreno, senhor Amadeu. Majira ya baridi ya mwaka 2015 mzee huyo alimwita amsaidie kusafisha gereji, na nyuma ya makopo ya rangi wakakuta skii: mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, jozi nne, pamoja na viatu vyake na fimbo. Zilikuwa za mzee, za marehemu mkewe na za wanawe waliohamia Lisbon. Senhor Amadeu alizishika, akazipangusa vumbi. Halafu akasema, "Lete rafiki zako. Theluji ikianguka, twende."

Zabibu alidhani ni utani. Theluji, Afrika Kusini? Lakini ilianguka kweli, kule kwenye milima ya Drakensberg, upande wa Eastern Cape, na wao wanne wakasafiri siku nzima ndani ya bakkie, pikapu ya Pacifique, magoti yamebanana.

Pale hapakuwa na mashine ya kuvuta watu mlimani wala umati wa watalii. Palikuwa na shamba la kondoo ambalo mwenye nalo alifahamiana na mzee, na juu ya shamba, mlima mweupe. Mzee aliwaonyesha namna ya kubandika chini ya skii vitambaa virefu vyenye manyoya, wanavyoviita ngozi, vinavyokamata theluji ili mtu apande bila kurudi nyuma. Ukifika juu unavibandua, unavikunja ndani ya koti, unakaza viatu, unashuka.

"Kunja magoti!" mzee alifoka. "Wewe mama, unasimama kama nguzo ya umeme! Kunja!"

Zabibu alianguka asubuhi nzima. Theluji iliingia shingoni, mikononi, ndani ya hijabu. Benita alikuwa akianguka pembeni yake na kucheka mpaka anashindwa kuinuka. Ndipo alasiri, bila kujua amefanya nini tofauti, Zabibu akateleza. Mbao zilikwenda, naye akaenda nazo. Aliegemea kushoto, mlima ukampokea. Akaegemea kulia, ukampokea tena. Hapakuwa na ukuta mbele yake. Aliposimama chini alikuwa analia, na Pacifique akamuuliza kama ameumia.

"Sijaumia," alisema. "Twende tena juu."

Tangu hapo kila baridi walingoja. Simu ya Zabibu ililia kule chini ya duka, na ujumbe wa Pacifique ulikuwa neno moja: *Imeanguka.* Zabibu alikaanga sambusa, Benita alifunga nywele zake kwa kitambaa na kukabidhi wateja kwa mwenzake, nao waliondoka. Walipanda taratibu kwa mstari, mmoja akikanyaga njia na wengine wakifuata, wakibadilishana. Kileleni walikunywa chai ya chupa. Benita aliimba nyimbo za kanisani kwao. Zabibu alitandika koti na kusali mpaka magoti yakafa ganzi. Wakishuka, walishuka karibu karibu, wakiitana majina. Zabibu alikuwa akisema kwamba mahali pekee katika nchi hii ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwambia "toa karatasi" ni pale juu.

Agosti 2018 senhor Amadeu hakwenda. Magoti yalikuwa yamemkataa. Aliwashika mikono dirishani mwa bakkie na kuwaambia wasishuke kama hawaoni mbele. Zabibu alikuwa na miadi ya Pretoria wiki hiyohiyo, lakini theluji ilikuwa nyingi kuliko miaka yote. Akajiambia atakuwa amesharudi.

Walifika kileleni hewa ikiwa safi. Walipokuwa wanabandua ngozi, ukungu ukapanda kutoka pande zote kwa pamoja. Ndani ya dakika chache Zabibu hakuona hata ncha za skii zake. Upepo ukafuta nyayo walizopandia.

"Tungoje," alisema Pacifique.

Walingoja. Baridi ikaanza kuuma meno. Benita akasema, "Bandugu, tukikaa hapa tutakufa. Njia si hii ya kushoto? Mie najua, njo tulipitaka mwaka jana."

Hakuna aliyebisha. Walishuka kushoto.

Zabibu alikiri baadaye kwamba huo ndio mteremko mzuri kuliko yote aliyowahi kushuka. Chini kidogo ya kilele ukungu ulipasuka, na mbele yao likafunguka bonde ambalo hawakuwahi kuliona, jeupe lote, halina mkwaruzo. Theluji ilikuwa laini kama unga. Walishuka watatu sambamba, wakipiga kelele za furaha, na Zabibu akawa anafikiri: hata nikikosa kazi ya mapazia, si kitu. Kisha skii ya Benita ikagonga jiwe lililofichika. Akapinduka mara mbili, na alipotulia mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande usio wake.

Walimfunga kifundo kwa hijabu ya Zabibu na vipande vya fimbo, wakamburuta juu ya skii zake hadi kwenye nyumba ya mawe iliyotoa moshi. Mama mmoja alitoka, amejifunga blanketi, akawatazama kama watu walioanguka kutoka mbinguni. Jina lake lilikuwa mama Mpho. Benita alikuwa na Kisotho cha saluni, akamwomba msaada kwa maneno hayo machache, na mama akawaingiza ndani bila swali.

Swali lilikuja baada ya chai.

"Mmetoka wapi?"

"Johannesburg," alisema Benita. "Gari letu lipo kwenye shamba hapo chini."

Mama Mpho akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole nyuma, kule kileleni walikotoka. "South Africa ni kule. Hapa ni Lesotho."

Mpaka ulipita juu ya kilele, na ua wa waya uliouonyesha ulikuwa umezikwa na theluji. Wao walikuwa wameupita bila kuuona.

Pacifique alikuwa wa kwanza kusema. "Kwenye kituo cha mpaka watataka pasipoti. Tukionyesha hizi karatasi zetu, kwisha habari yetu."

"Basi tupande tulikotoka," alisema Zabibu.

"Na Benita?"

Wote wakatazama ule mguu. Benita aliwatazama wao. "Niacheni," alisema. "Mie nitajipeleka polisi. Wanifanye watakacho."

"Nyamaza," alisema Zabibu.

Kesho yake dhoruba ilifunga mlango. Theluji ililundikana hadi kwenye madirisha, na ndani mlikuwa na chumba kimoja, jiko la samadi, wao watatu, mama Mpho na kuku wake. Wakaanza kugombana. Pacifique alimlaumu Benita kwa njia ya kushoto. Benita alimlaumu Pacifique kwa kunyamaza. Zabibu aliwalaumu wote, kisha akakumbuka miadi yake, akageukia ukuta. Hakukuwa na mahali pa kwenda kununa. Mtu akitaka kulia, alilia mbele ya wenzake.

Siku ya miadi ya Zabibu ilipita hivyo, akiwa anamenya viazi.

Anga lilipofunguka, mama Mpho aliwaita nje. Njia ya mlimani ingepitika kwa mtu mwenye miguu mizima, alisema, lakini farasi wa kumbeba mgonjwa hawataweza mpaka theluji ipungue. Pacifique akakaza viatu. "Dada Zabibu, jiandae. Benita atabaki kwa mama, tutamfuata farasi wakianza kupita. Wewe karatasi yako imeshakwisha. Kila siku unayokaa hapa unazidi kuharibu."

Zabibu alikuwa ameshika skii zake. Alitazama juu, akaona jinsi mlima ulivyong'aa, na mwili wake wote ulitaka kupanda. Benita alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya gunia, anajifanya kusuka ncha ya blanketi.

"Nenda," Benita alisema bila kuinua macho. "Sharp. Mie niko sawa."

"Hauko sawa. Huwezi hata kwenda chooni peke yako."

"Mama yupo."

"Mama ana mifugo yake." Zabibu akaziegemeza skii ukutani. "Pacifique, nenda wewe. Ukifika, piga simu ya mama."

Pacifique akabeba skii zake begani. Akamkumbatia Benita, akamkumbatia Zabibu. Walimwona akipanda peke yake, akizidi kuwa mdogo, mpaka akawa doa, mpaka akapotea. Jioni simu ya mama Mpho ililia. Alikuwa amefika shambani.

Wanawake wale wawili walikaa pale mpaka Septemba. Zabibu alishona kwa mkono: alitia viraka mablanketi ya mama Mpho, kisha ya majirani waliosikia kuna fundi. Benita alisuka kila kichwa cha bondeni. Hawakuthubutu kushuka hadi barabarani, kwa maana barabarani kulikuwa na polisi. Kila asubuhi Zabibu alipanda kwa skii hadi nusu ya mlima kupima theluji, akashuka kwa raha, kisha raha ikamwisha alipofika chini na kukumbuka kwamba ameshukia palepale. Benita alikuwa akimngoja mlangoni.

"Inapungua?"

"Bado."

Siku moja Benita alimwambia, "Ungeenda na Pacifique, nisingekuchukia."

"Najua," alisema Zabibu. "Ningejichukia mimi."

Theluji ilipoyeyuka, mpwa wa mama Mpho aliwavusha juu ya farasi. Pacifique alikuwa anawangoja upande wa pili, ndevu zimemwota, ana chupa ya chai.

Johannesburg, mwenye duka alikuwa ameshaajiri fundi mwingine. Pretoria, afisa alitazama tarehe ya karatasi ya Zabibu, akamuuliza alikuwa wapi.

"Nilizuiwa na theluji."

Afisa akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Kisha akaacha kucheka, akaita polisi, kwa sababu karatasi iliyokwisha muda ni kosa na sheria ndiyo hiyo. Wakamfungia mahabusu, na wanawake wengine waliokamatwa siku ile. Mmoja wao, Mzimbabwe mnene mwenye kikohozi, alimuuliza amefanya nini. Zabibu hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Alimweleza kuhusu skii: jinsi unavyopanda kwa pumzi na hatua, marafiki wako mbele na nyuma, jinsi unavyosimama juu na kubandua ngozi, jinsi mguu unavyosikia theluji kabla ya jicho. Aliwaeleza lile bonde. Wanawake walisogea karibu wakamsikiliza, na yule Mzimbabwe akamwambia asimame aonyeshe. Zabibu akasimama katikati ya sakafu ya saruji, akakunja magoti, akaegemea kushoto, akaegemea kulia. Wengine walicheka. Wawili waliinuka wakaiga.

Asubuhi hakimu alimpa onyo, na karatasi ikaongezwa muda. Miezi sita.

Nje ya mahakama bakkie ilikuwa imeegeshwa, na Benita ameketi mbele, gongo katikati ya magoti. Karatasi yake na ya Pacifique zilikuwa bado hai. Bahati ya tarehe tu. Zabibu alipanda, akabanana nao, wakakaa bila kuwasha gari.

"Nilikuwa naogopa kukuuliza," Benita alisema. "Ungerudi tena kule mlimani?"

Zabibu alifikiri. Bado alikuwa na harufu ya mahabusu nguoni, na hakuwa na kazi.

"Nitarudi," alisema. "Ila ukungu ukishuka, mimi naketi palepale. Mtanifukua wenyewe."

Pacifique akacheka, akawasha gari, wakaingia kwenye msongamano wa barabara ya Johannesburg.