Mtu Aliyeomba Apigwe Sindano

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mama aliniambia kwamba yule mchekeshaji wa wodi ya watoto amefariki. Niliuliza haraka amekufa vipi, maana hapa Goma swali hilo huja kabla ya pole. Mama akasema ni moyo: alilala nyumbani kwake Keshero, mke wake pembeni, hakuamka. Nilipumua. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kwenye ukuta wa shule yetu mtanielewa. Muzee wa mji huu kuondokea kitandani kwake ni jambo la kumshukuria Mungu.

Nilimjua mwaka jana, mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, aliposhikwa na homa isiyoshuka. Daktari alisema wazi kwamba bila kupima damu hajui atibu nini, na kungoja ni hatari. Lakini kila alipokaribiwa, mtoto alijikunja, akarusha mateke, mkono akauficha chini ya tumbo. Mama alimshika mabega, mimi miguu, tukashindwa. Muuguzi, mtu mpole kabisa, alimbembeleza kwa maneno tunayosema sote: "Tunakupiga tu sindano kidogo, mama." Ndipo akaingia muzee mmoja, koti jeupe kaligeuza ndani nje, puani kizibo chekundu cha bidoni ya maji. Hakucheza wala kuimba. Alimwendea muuguzi kwa ukali. "Nani anapigwa hapa? Huyu mutoto alikosa nini?"

Mdogo wangu akainua kichwa. "Sikukosa kitu."

"Basi njo mimi nilikosa. Munipige mimi."

Akakunja mkono wa shati, akampa mtoto kamba ya mpira ya muuguzi amfunge yeye. Kufungwa tu, akaanza kutetemeka na kujificha nyuma ya mama yangu, akilia kwamba anamtaka nyanya yake. Mdogo wangu akachoka naye. "Muzee, tulia. Usitikise mukono. Angalia wangu." Akaunyoosha. Muuguzi hakupoteza nafasi. Damu ikapatikana, ugonjwa ukajulikana, na juma halijaisha tulikuwa tunagombania chapati, mimi na yeye.

Siku ile ile, muzee akitoka, nilijikaza mlangoni nikamuuliza mbinu hiyo alijifunzia wapi. Alivua pua kwanza. Akasema aliendesha lori la vitunguu vya Kibumba miaka mingi, na kwenye vizuizi vya barabarani aliona kwamba mtu akishaambiwa atapigwa, hasikii tena neno linalofuata. Hilo "kidogo" la muuguzi halikumfikia mtoto hata mara moja. Mama ananiambia kwamba siku hizi wauguzi wa chumba kile wanasema, "Tunaomba damu yako," na watoto wengine wanajibu, "Chukueni, lakini munibakishie."

Sisi tulidhani mdogo wangu anaogopa maumivu, tukazidi kumbana. Kumbe yeye alisikia kwamba anapigwa bila kosa, na katika chumba kizima ni mtu mmoja tu aliyeuliza kosa lake.