Taa za Kuvulia za Yohana

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilirudi Katubuka kutoka Mwamgongo nimebeba taa mbili za kuvulia dagaa, najiona mwanamke wa shoka. Zilikuwa za Yohana, aliyekuwa mpangaji wangu. Alihama bila kuaga, akaniachia ankara ya maji na sakafu iliyopasuka pale alipoangusha mashine ya mtumbwi wake. Maji yakakatwa. Marehemu mama yangu, na miguu yake ile mibovu, akawa anaoga kwa maji ya kununua kwa ndoo. Kukopa harusi, kulipa matanga, na Yohana matanga hakuyataka. Basi nikapanda boti, nikamfuata kwao, nikazibeba taa mbele ya mkewe.

Shangazi yangu wa Ujiji alinikuta uani nazifuta vumbi. Shikamoo yangu aliiitikia nusu.

"Mwezi uko wapi sasa hivi?" akaniuliza.

"Umekwisha, shangazi. Giza limeingia."

"Basi wenzake leo wanaingia ziwani, yeye atalala. Atakulipa nini, miayo?"

Wewe umekulia hapa, unajua dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwaka mvuvi hukaa pwani anashona nyavu, riziki yake iko gizani. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu jembe mvua ikinyesha, halafu nimekaa nasubiri mahindi.

Sikupenda kuambiwa, ukaidi wangu mnaujua. Lakini kesho yake nilipanda boti tena, nikazirudisha mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Yohana akaahidi kulipa maji kidogo kidogo, kila giza linapoisha. Na alilipa, sina la kumsingizia. Mama akaoga maji ya bombani.

Ila tulipofika kwenye sakafu alinitazama usoni akasema, "Mama mwenye nyumba, ule ufa niliukuta." Mwenyekiti akaniuliza ni nani aliyekiona chumba siku Yohana anaingia. Nikakiri hakukuwa na shahidi. Alikuwa anadanganya, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Saruji nilinunua mwenyewe.

Sasa nasikia fundi cherehani wako amehama na deni la maji, kavunja na dirisha, nawe unatafuta vijana wa kwenda kumbebea cherehani. Acha. Hasira hasara. Mwite kwa balozi wa nyumba kumi, aseme mwenyewe atalipaje, na balozi asikie. Cherehani ibaki inashona, maana ndiyo itakayokulipa. Na mpangaji mwingine akija, kabla hajaingiza godoro, zungukeni chumba pamoja na shahidi, msome mita, muandike kila ufa na kila kioo, nyote mtie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie wapangaji waungwana. Na akikuletea wakorofi, akupe moyo wa kuwadai huku watoto wao wanakula.